Walter White: mwalimu mwenye alisema «ni juu ya familia», na watazamaji wenye walimuamini

Kofia nyeusi, miwani, ndevu za kuzunguka kinywa, kichwa bila nywele. Hata mutu mwenye hajatazama Breaking Bad amekwisha kuona ile sura fasi fulani: kwenye tisheti ya mutumba, ao kwenye picha ya WhatsApp ya kijana wa mutaa. Ndani ya filme anaitwa Walter White. Jina lake la kazi, ile kazi ya kujificha, ni Heisenberg. Na hili jina la pili, kwa mutu wa Shinkolobwe, si jina la kupita mbio juu yake. Tutalirudilia kule chini.

Tunaandika haya kwa sababu swali linarudi kila mara tunapoongea hewani juu ya filme za mufululizo: huyu mwalimu alikuwa mutu mubaya tangu mwanzo, ao maisha njo ilimuharibu? Na watu hawajibu kwa upole. Wengine wanamutetea kama ndugu yao wa tumbo moja. Dakika za redio hazitoshi kwa mabishano ya namna hiyo, basi tueleze hapa polepole. Mutu mwenye hajamaliza kutazama ajue mapema: tunaeleza mpaka mwisho kabisa.

Filme yenyewe

Breaking Bad ilianza kuonyeshwa tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2008 kwenye televizio ya AMC ya Marekani, na ikamalizika tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 2013. Ni misimu 5, sehemu 62. Mwenye kuitunga ni Vince Gilligan. Bryan Cranston njo anacheza Walter White, Anna Gunn anacheza muke wake Skyler, Aaron Paul anacheza Jesse Pinkman, kijana mwenye zamani alikuwa mwanafunzi wa Walter. Mwanzoni haikuwa na watu wengi: sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu karibu milioni 1.4 kule Marekani. Ile ya mwisho ilitazamwa na watu milioni 10.3. Cranston alipata zawadi ya Emmy ya muchezaji bora mara 4 juu ya hii kazi.

Jina lenyewe ni usemi wa watu wa kusini ya Marekani: kuacha njia nzuri na kugeukia mabaya. Na Gilligan hakuficha shabaha yake. Kwenye televizio, mara mingi mutu mukubwa wa hadithi anabakia vile vile mwaka kwa mwaka: mwema anabaki mwema, mwizi mucheshi anabaki mwizi mucheshi. Gilligan alitaka kuchukua mwalimu mupole, namna ya yule Mr. Chips wa kitabu cha Waingereza, na kumugeuza hatua kwa hatua mpaka awe jambazi namna ya Scarface. Kwa hiyo kuanguka kwa Walter si ajali ya watunzi. Njo kazi yenyewe.

Mwanzo wake unatugusa hapa moja kwa moja. Walter ana miaka 50, anafundisha kemia, ile tunaitaka shimi, kwenye masomo ya sekondari ya muji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Mushahara hautoshi. Kisha kufundisha anaenda kuosha magari ya watu. Kuna fasi moja anapiga magoti kupangusa magurudumu ya gari, kumbe gari ni ya mwanafunzi wake, na yule mutoto anamucheka. Hapa Likasi hakuna mutu anahitaji kuelezwa hiyo. Tunawajua walimu wenye wanauza yunite za simu pembeni ya barabara, wenye wanapanda mototaksi kisha saa sita, na wanafunzi wao wanawapita. Artikle 15, jitafutie mwenyewe, tunaijua kuliko artikle zingine zote.

Halafu munganga anamwambia: kansere ya mapafu, na haiwezi kupasuliwa. Muke wake ana mimba. Mutoto wao wa kwanza, Walter Junior, amezaliwa na ulemavu wa viungo, anatembea na magongo. Bwana wa shemeji yake, Hank, ni afisa wa ile ofisi ya serikali yenye kupambana na dawa za kulewesha, DEA. Siku moja Hank anamupeleka kuona namna wanavyovamia nyumba, na pale Walter anamuona Jesse anatoroka kwa dirisha. Walter anajua kemia. Jesse anajua wanunuzi. Wanaanza kupika metamfetamini, dawa yenye inakula ubongo na meno ya mwenye kuitumia. Wale wenye walisikia mambo ya «bombe» kule Kinshasa mwaka 2021, ile unga ya kutoka kwenye mabomba ya magari, wanaweza kuwaza kitu cha ukoo mumoja.

Mulango ulikuwa wazi

Watu wenye wanamutetea Walter wanasema: hakuwa na njia ingine. Ndiyo maana napenda kuanzia na sehemu ya 5 ya musimu wa kwanza, sababu watu wengi wanaipita bila kuisimamia. Zamani Walter alianzisha kampuni pamoja na rafiki yake Elliott. Akatoka mapema, akauza sehemu yake kwa dola 5,000. Kampuni ikakuwa kubwa sana. Sasa Elliott na muke wake Gretchen wanasikia habari ya ugonjwa, na wanasema: tunakupa kazi, tunalipa dawa zote. Bila deni. Walter anakataa. Anarudi kwa Jesse, anamuuliza kama yuko tayari kupika tena.

Sehemu ya 5 kati ya 62. Yaani karibu filme yote inakuja kisha mulango kufunguliwa na yeye mwenyewe kuufunga. Kuanzia pale, kila mara anasema «ni juu ya familia», unapaswa kukumbuka ile siku. Si njaa njo ilimurudisha. Ni kule kusikia aibu ya kusaidiwa na mutu mwenye alipaswa kuwa sawa naye.

Lakini filme haikuambii hivyo kwa sauti. Inakupeleka pole. Kuua kwake kwa kwanza kwa mukono wake, sehemu ya 3, ni jambo la kutisha kwa sababu linachukua muda. Kuna kijana muuza dawa, Krazy-8, wamemufunga kwa shingo ndani ya chumba cha chini. Walter anamupelekea mukate. Anachukua karatasi, anaandika upande mumoja sababu za kumuacha aishi, upande mwingine sababu za kumuua. Wanaongea, anamuzoea. Anaenda kuchukua ufunguo amufungue, halafu anagundua kwamba kipande cha sahani yenye ilivunjika hakiko: yule kijana amekificha ili amuchome. Walter anamuua huku analia na kuomba musamaha.

Sasa uruke mpaka musimu wa 5. Watu 10 wenye wanaweza kutoa siri yake wako ndani ya gereza mbalimbali. Walter analipa watu, na wote 10 wanauawa ndani ya dakika 2. Yeye yuko nyumbani, amesimama karibu na dirisha, anaangalia saa ya mukono. Haliye. Haandiki karatasi. Kati ya ile karatasi na hii saa, njo filme yote inakaa.

Katikati kuna hatua zingine, na kila moja inakuwa na sababu yake pembeni. Mwanzoni mwa musimu wa 2 anapiga hesabu ya kile familia itahitaji kisha kufa kwake: nyumba, masomo ya watoto wawili, chakula. Anapata dola 737,000. Hesabu nzuri, ya mwalimu. Angepata hiyo feza na kuacha, sisi wote tungenyamaza. Anaipata, anaipita, haachi.

Kisha kuna Jane. Kwa watu wengi niliwauliza, hapa njo fasi walianza kumuogopa. Jane ni mupenzi wa Jesse, wote wawili wanajidunga heroini, na Jane amemutisha Walter juu ya feza. Usiku mumoja Walter anaingia nyumbani kwao, anawakuta wamelala. Anamutikisa Jesse aamuke, na kwa kumutikisa, Jane anageuka kulala mugongo. Anaanza kutapika na kukabwa. Walter anasogea mbio amusaidie. Halafu anasimama. Anaangalia. Machozi yanatoka, kinywa kinatetemeka, halafu uso unatulia. Hakumugusa. Kama ungemupeleka mbele ya hakimu, wakili wake angesema hakufanya kitu. Na matokeo yanaenda mbali: baba ya Jane anaongoza ndege angani, anarudi kazini na majonzi kichwani, ndege mbili zinagongana juu ya muji, watu 167 wanakufa. Walter anasimama mbele ya wanafunzi ndani ya salle ya michezo na kuwaeleza kwamba zilikwisha kutokea ajali kubwa kuliko hiyo.

Kuanzia pale inaenda mbio. Anamutuma Jesse kuua Gale, mupishi mwenzao, mutu mwenye hakumukosea kitu. Anamupa sumu mutoto mudogo, Brock, ili Jesse amurudie upande wake dhidi ya tajiri wao Gus Fring. Mutoto anapona, lakini Walter hakuwa na uhakika wowote kama atapona. Wakati wa kuiba kwenye treni, kijana wa kundi lao anapiga risasi mutoto mwenye alipita na pikipiki yake, na baadaye Walter anafanya kazi huku anapiga mluzi. Jesse anamusikia. Huo mluzi uliniuma kuliko damu.

Watazamaji na Skyler

Kule Marekani watu walimungoja Walter miaka 5, wiki kwa wiki, na kati ya musimu na musimu mwaka muzima ungeweza kupita. Walizeeka naye. Hapa kwetu ilifika kwa flash na kadi za simu, ikisemwa Kifaransa, sehemu 8 ao 10 kwa mara moja, mpaka kuran inaenda na unangoja kesho. Labda ndiyo sababu sisi tunaona mutelemuko vizuri kidogo: Krazy-8 na wale 10 wa gereza wanatenganishwa na wiki 3, si miaka. Lakini hata hivyo tulimufuata.

Na hasira ya watazamaji haikuenda kwa Walter. Ilienda kwa muke wake.

Angalia Skyler anafanya nini. Anaona bwana anasema bongo, anauliza. Anajua kazi ya bwana, anaomba talaka. Anaogopa watoto wasiuawe, anawaondoa nyumbani. Anakosea pia: anajiingiza na tajiri wake wa kazi, na baadaye anasaidia kusafisha feza kupitia ile fasi ya kuosha magari. Si malaika. Lakini kwa mambo makubwa njo mutu wa pekee ndani ya nyumba mwenye anasema hapana. Siku moja anamupeleka Walter ndani ya depo na kumuonyesha lundo la noti lenye yeye mwenyewe ameshindwa kuhesabu, na kumuuliza lundo linapaswa kuwa kubwa namna gani ili litoshe. Hilo ndilo swali la filme, na mwenye kuliuliza ndiye watu walimuchukia.

Walimuchukia sana mpaka chuki ikatoka ndani ya televizio. Tarehe 23 mwezi wa 8 mwaka 2013, mbele kidogo ya mwisho wa filme, Anna Gunn mwenyewe aliandika ndani ya gazeti New York Times. Alieleza kwamba maelfu ya watu walikusanyika kwenye kurasa za Facebook za kumutukana Skyler, na kwamba pole pole matusi yalimugeukia yeye, muchezaji, mutu wa nyama. Mumoja aliandika akiuliza atamupata wapi ili amuue. Gunn alifikia kuwaza kwamba ile chuki ilisema mambo mingi juu ya namna watu wanaangalia mwanamuke mwenye hainamishi kichwa, kuliko juu ya Skyler. Gilligan naye alikwisha kusema mara mingi kwamba ile hasira ilimushangaza, na kwamba yeye aliacha kumuhurumia Walter mbele ya watazamaji wengi.

Mimi nilikuwa kati ya wale. Mara ya kwanza nilitazama, kila Skyler anapotokea nilisema: huyu mama naye, anasumbua mutu mwenye anakufa. Muke wangu alikuwa anachagua muchele pembeni, hakuwa anatazama sana. Akaniuliza: «Baba, kama ni miye niliingiza feza ya damu mu nyumba, ungenyamaza?» Sikumujibu. Nilirudilia filme mwaka wenye kufuata, na nilimuona Skyler tofauti kabisa. Filme haikubadilika.

Upendo kwa Walter nao ulitoka inje ya televizio. Nyumba ya kweli ya Albuquerque yenye ilitumiwa kama nyumba ya Walter ilianza kupokea wageni kila siku, na kwa sababu ndani ya filme Walter kwa hasira anatupa piza juu ya paa, watu walikuja kutupa piza juu ya paa ya wenye nyumba. Mwaka 2015 Gilligan aliwaomba kwa wazi waache. Mwaka 2017 familia ikajenga uzio wa chuma. Mwezi wa 10 mwaka 2013 wapenzi wa filme walitangaza kifo cha Walter White ndani ya gazeti la muji na wakamufanyia mazishi. Mwezi wa 7 mwaka 2022 waliweka sanamu za shaba za Walter na Jesse ndani ya nyumba ya mikutano ya muji, na wanasiasa wengine walilalamika: tunawatukuza wapishi wa dawa? Na mwaka 2025, wakati Gilligan alipokea zawadi ya chama cha waandishi wa filme, alitumia nafasi kuomba wenzake waandike tena watu wema, kwa sababu watu wabaya wa hadithi wamekuwa watu wa kuigwa. Mutu mwenye alimuumba Walter njo alisema hivyo.

Heisenberg na udongo wetu

Sasa turudi kwa jina. Karibu na mwisho wa musimu wa kwanza Walter ananyoa nywele, anaenda kuonana na muuza dawa mukali, na anapoulizwa jina anajibu: Heisenberg. Werner Heisenberg ni mutu wa kweli, Mujerumani, mwenye elimu ya fizikia, zawadi ya Nobel ya mwaka 1932. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa kati ya viongozi wa uchunguzi wa Wajerumani juu ya uranium. Na uranium yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji na kukuta akiba ya Union Minière. Ile akiba ilichimbwa hapa, Shinkolobwe.

Mufuko mwingine ulikwisha kuondoka. Mwaka huo huo wa 1940, Edgar Sengier, kiongozi wa Union Minière, alituma zaidi ya tani elfu moja za mawe ya Shinkolobwe New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Bomu zilitengenezwa Los Alamos, na Los Alamos iko ndani ya New Mexico, jimbo lile lile la Walter White. Uranium ya bomu ya Hiroshima, tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, sehemu yake kubwa ilitoka kwetu. Kuna hata fasi moja ya filme inarudi nyuma wakati Walter ni kijana, ananunua nyumba, na anasema anafanya kazi Sandia: ni maabara ya kweli ya silaha za nyuklia ya Albuquerque, yenye ilizaliwa kutoka Los Alamos. Kwa hiyo Walter, kijana mwerevu wa kemia wa ile inchi, ni mutoto wa uchumi wenye ulianza kwa mawe ya Katanga. Sikusikia jina la Kongo ndani ya zile sehemu zote. Haikunishangaza.

Lakini jina si kitu kikubwa. Kikubwa ni ile sentensi, «ni juu ya familia».

Ile sentensi tunaisikia hapa kila siku. Mugodi wa Shinkolobwe ulifungwa zamani, lakini kuanzia miaka ya 1990 kuishia wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Mwezi wa 1 mwaka 2004 amri ya raisi ilikataza kuchimba. Mwezi wa 7 mwaka ule ule mugodi ulianguka na watu 8 wakakufa. Wote wanajua kwamba mawe ya pale yana uranium, kwamba yanatoa miali yenye kuharibu mwili. Na uulize muchimbaji yeyote wa eneo hili, wa pale ao wa shimo lingine lolote, sababu gani anashuka: atakujibu juu ya watoto. Atasema kweli.

Wakati wa mabishano hewani kuna wenye wanasema: basi Walter na muchimbaji ni sawa, wote wawili wanavunja sheria juu ya chakula cha nyumba. Hapa sikubali. Muchimbaji hakuna Elliott mwenye anakuja mulangoni na kusema nakupa kazi na nalipa munganga. Angekuja, ninadhani tungeona mashimo yanabaki matupu kesho asubuhi. Walter alikuja Elliott. Na mwalimu wa Likasi mwenye anapanda mototaksi hapiki sumu, anapeleka abiria Panda na Kikula. Sentensi ni moja, lakini mwenye kuisema si mumoja.

Ndiyo sababu, ninawaza, sisi wa huku tulimuamini Walter muda murefu. Alisema maneno yenye tulizoea kusikia ndani ya vinywa vya watu wa kweli: baba zetu wenye Gécamines iliacha kulipa, mama wenye wanaosha mawe, yaya mwenye alienda Kolwezi. Tulimupa imani yenye ilikuwa yao. Yeye aliiazima tu, na hakuirudisha.

Wengine wa namna yake, karibu na sisi

Mutu mwenye anataka hadithi ya namna hiyo ndani ya Kiswahili atafute filme ya Kenya, Nairobi Half Life, ya David «Tosh» Gitonga, mwaka 2012. Mwas, mwenye anachezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijiji mwenye anauza DVD na kuota kuwa muchezaji wa filme. Anaenda Nairobi, anaibiwa kila kitu siku ya kwanza, anafungwa, ndani ya jela anakutana na Oti, na Oti anamuingiza kwenye kundi la wezi. Wanaanza na vipande vya magari, wanafikia magari yenyewe na bastola. Wakati huo huo Mwas anafanya mazoezi ya teatre. Kenya iliituma kushindania Oscar, mara yake ya kwanza kutuma filme. Mwas anaanguka pia, lakini tofauti ni kwamba muji unamusukuma: kila mulango anaogonga unafungwa. Kwa Walter ni kinyume. Watu wa Congo wanakumbuka pia Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, mwaka 2010, kijana mwenye anarudi Kinshasa na petroli ya wizi kutoka Angola. Riva hashuki popote; anafika tayari vile alivyo, na anacheza mpaka inaisha. Inafurahisha, lakini haikuulizi swali.

Ile jioni ya mwisho

Mwisho wa Walter una mambo mingi: Hank anauawa jangwani kwa sababu yake, mutoto wake wa kiume anasimama na simu kuita polisi, Jesse anafungwa minyororo na wanazi na kupikishwa kama mutumwa. Kati ya dola zaidi ya milioni 80 zenye alifukia ndani ya mapipa, wanamuachia pipa moja. Lakini mimi nilingojea kitu kimoja tu. Sehemu ya 62, Walter anaenda kumuaga Skyler. Anaanza kusema kwamba yote yenye alifanya, na Skyler anamukata mbele hajamaliza, kwamba kama atasema tena ni juu ya familia, hataki kusikia. Na Walter, kwa mara ya kwanza kisha miaka miwili ya hadithi, anakubali: alifanya juu yake mwenyewe. Alipenda. Alijua kazi vizuri. Alijisikia muzima.

Tulikuwa watu kama kumi kwenye lupango ya jirani, mashine ya moto inavuma inje. Wale vijana wenye walimutetea misimu 5 walinyamaza. Mumoja aliguna tu, akatoka kuvuta hewa.

Mbele ya ile, Walter alikuwa amefanya mupango juu ya feza yenye ilibaki, dola milioni 9.72. Hawezi kuipeleka mwenyewe kwa watoto, polisi wangeikamata, na mutoto wake angeikataa. Kwa hiyo anaingia usiku ndani ya nyumba kubwa ya matajiri wawili, bwana na muke, anaweka noti juu ya meza yao na kuwatisha: watampa mutoto wake siku atatimiza miaka 18, kama vile ni zawadi yao wenyewe.

Muzee mumoja, mufanyakazi wa zamani wa mugodi, alikuwa anasinzia kwenye kiti chake na tulidhani hafuati. Akafungua macho.

«Ngoja,» akasema. «Hawa si wale wenye walitaka kumulipia munganga?»

Njo wale.